Umejuaje? Msemaji wa Kiswahili mbele ya Wakati Ujao wa Kiingereza

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza, mwanafunzi wa uzamili kutoka Tanzania alipoteza nafasi yake ya kuwasilisha mada kwa sababu ya maneno matatu. Kisa chenyewe ni kifupi. Semina ilifanyika kila Jumanne na Alhamisi, na majina ya wawasilishaji yalikuwa yamepangwa tangu juma la kwanza la muhula. Jumanne hiyo mwenyekiti wa semina, profesa mtu mzima, alikuwa ameiacha orodha ofisini kwake. Alipouliza ni nani anayewasilisha Alhamisi, pakawa kimya kidogo. Mwanafunzi yule, ambaye jina lake ndilo lililokuwa katika orodha, na ambaye alikuwa ametumia majuma matatu kuandaa mada juu ya ngeli za Kiswahili, akajibu: “I will present.” Mwenyekiti akatabasamu, akamshukuru kwa moyo wake wa kujitolea, akasema kwamba haitakuwa haki kumtwika mtu mzigo kama huo zikiwa zimebaki siku mbili tu, kisha akaamua kwamba Alhamisi wanasemina wasome makala badala ya kusikiliza mada.

Mwanafunzi hakusema neno. Kwa malezi aliyoyapata hakuona kuwa ni adabu kumsahihisha mzee mbele za watu, na zaidi ya hayo hakuelewa ni jambo gani lililokuwa limetokea. Aliyemfumbulia ni mwenzake kutoka Kenya, aliyekuwa amekaa Uingereza kwa miaka kadhaa. “Ndugu yangu,” alimwambia walipokuwa wakishuka ngazi, “umejitolea kufanya kazi ambayo tayari ilikuwa yako. Ungesema ‘I’m presenting’.” Kwa muda wote uliobaki wa muhula ule mwanafunzi yule hakufungua tena kinywa chake semina. Alikuwa amefika na shahada ya kwanza ya Kiingereza, na sasa hakuwa na hakika kwamba aliijua lugha hiyo.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba sentensi aliyoitamka haikuwa na kosa. Hakuna mwalimu ambaye angeipigia mstari kwa wino mwekundu. Kiima kipo, kitenzi kisaidizi kipo, kitenzi kikuu kipo, na wakati unaokusudiwa ni ujao bila shaka yoyote. Makosa ya aina hii ndiyo yanayodumu kuliko yote, kwa sababu hayaonekani katika daftari. Huonekana katika maisha, na hapo msikilizaji haoni kosa la lugha bali huona hulka ya msemaji: kwamba ni mtu wa kujitoleatolea, au asiye na uhakika, au asiye na mpango. Ndiyo maana inafaa kuuliza jibu lile lilitoka wapi.

Lilitoka shuleni. Katika vitabu vya sarufi alivyovitumia, wakati ujao wa Kiingereza ulipangwa katika jedwali: “shall” kwa nafsi ya kwanza, “will” kwa nafsi ya pili na ya tatu. Kanuni hii ina historia ndefu. John Wallis aliieleza mwaka 1653 katika sarufi yake ya Kiingereza iliyoandikwa kwa Kilatini, akidai kwamba “shall” katika nafsi ya kwanza hutabiri tu, ilhali “will” huahidi au hutisha, na kwamba katika nafsi nyingine mambo hugeuka kinyume. Ilirudiwa kwa karne nyingi. Charles Carpenter Fries alipochunguza matumizi halisi na kuchapisha matokeo yake mwaka 1925, alionyesha kwamba waandishi wa Kiingereza wenyewe hawakuwa wakiifuata jinsi ilivyodaiwa. Hata hivyo jedwali liliendelea kuishi katika madarasa ya Afrika Mashariki. Lilipoanza kuachwa, mahali pake palichukuliwa na mlinganyo ulio rahisi zaidi: -ta- ni “will”, na “will” ni -ta-.

Pamoja na mlinganyo huo lilikuja fundisho jingine, ambalo bado husikika: kwamba “going to” ni wakati ujao wa karibu, na “will” ni wakati ujao wa mbali. Fundisho hili linapendeza kwa sababu linakumbukika, lakini halistahimili mifano miwili. Simu inapolia nyumbani, Mwingereza aliye karibu nayo husema “I’ll get it”, yaani ataipokea yeye, na kitendo hicho kiko mbali kwa hatua tatu tu. Mtu huyohuyo huweza kusema juu ya bintiye wa miaka sita kwamba “she’s going to be a doctor”, ingawa kati ya mtoto huyo na udaktari kuna karibu miaka ishirini. Iwapo umbali wa wakati ndio ungekuwa kigezo, sentensi hizi mbili zingepaswa kubadilishana vitenzi.

Zipo lugha ambazo kweli hupima umbali. Katika Luganda, anayesema “nnaagenda” anazungumzia safari iliyo karibu, kwa kawaida ya siku hiyohiyo au isiyovuka sana siku moja, na anayesema “ndigenda” anazungumzia safari iliyo mbele zaidi. Mganda anayejifunza Kiingereza ana sababu ya kutafuta mgawanyo kama huo. Msemaji wa Kiswahili hana hata sababu hiyo. Kiambishi -ta- hutosha kwa dakika ijayo na hutosha kwa siku ya kiyama. Basi mgawanyo wa karibu na mbali hakuupata katika lugha yake, wala hakuupata katika Kiingereza, aliupata darasani.

Kiingereza chenyewe kinauliza swali la namna nyingine. Wanasarufi wengi, wakiwamo Quirk, Greenbaum, Leech na Svartvik katika kitabu chao kikubwa cha mwaka 1985, wamesisitiza kwamba Kiingereza hakina njeo ya wakati ujao kwa maana ya umbo la kitenzi. Kina njeo mbili za kimofolojia, uliopo na uliopita, na mambo yajayo huelezwa kwa njia mbalimbali za kuazima. Njia hizo hazitofautiani hasa kwa wakati, bali kwa msingi ambao msemaji anausimamia anaposema jambo ambalo bado halijatokea. Tuichukue Alhamisi ileile moja. “I’ll present” hufaa pale uamuzi unapozaliwa papo hapo, wakati wa kusema. “I’m going to present” huonyesha kwamba nia ilikuwapo kabla. “I’m presenting” huonyesha kwamba mambo yameshapangwa, na kwa kawaida kuna watu wengine wanaohusika katika mpango huo. Na “the seminar starts at two” ni kauli ya ratiba, isiyotegemea nia ya mtu yeyote. Siku ni moja, saa ni moja, na misingi ni minne.

Hali kadhalika katika kubashiri. Anayetazama mawingu mazito juu ya kichwa chake husema “it’s going to rain”, kwa kuwa ushahidi uko mbele ya macho yake. Anayetoa maoni juu ya mwaka ujao, au anayetangaza utabiri wa hali ya hewa, mara nyingi husema “it will rain”. Ikumbukwe kwamba mipaka hii si kuta za mawe. Wasemaji wazawa huivuka, na katika sentensi nyingi za kubashiri maumbo haya mawili huweza kubadilishana bila hasara kubwa. Lakini pale panapohusika uamuzi na mpango wa mtu, kama ilivyokuwa semina, mpaka huwa mkali, na anayeuvuka bila kujua hueleweka vingine.

Je, Kiswahili hakina misingi hii? Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Inaelekea kuaminiwa kwamba msemaji wa Kiswahili hukosea kwa sababu lugha yake ina umbo moja tu la wakati ujao. Ukweli ni kwamba lugha yake inajua tofauti zote hizi, isipokuwa inaziweka mahali pengine. Asemaye “nakwenda Tanga kesho” anatumia umbo la wakati uliopo kwa safari iliyopangwa, sawasawa na Mwingereza anayesema “I’m going”. Asemaye “basi linaondoka saa 12 asubuhi” anasoma ratiba. Asemaye “nifungue dirisha?” anatumia dhamira tegemezi, yenye kiishio -e, kuuliza lile ambalo Mwingereza huliuliza kwa “shall I”, na hii ni mojawapo ya sehemu chache ambamo “shall” bado ina uhai katika mazungumzo ya kila siku ya Kiingereza. Na yule atazamaye wingu jeusi likitoka baharini hasemi tu kwamba mvua itanyesha. Husema “mvua inataka kunyesha”.

Kauli hii ya mwisho ina historia inayostahili kuelezwa. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba kiambishi -ta- chenyewe kilitokana na kitenzi -taka. Ushahidi wake hauko mbali: kiambishi kinapokutana na urejeshi, umbo refu hujitokeza tena, nasi husema “atakayekuja” na “nitakapokwenda”. Kwa upande wake, “will” ilitokana na kitenzi cha Kiingereza cha Kale “willan”, chenye maana ya kutaka. Lugha mbili zisizo na undugu wowote zilichukua neno la matamanio na kulifanya chombo cha kuelezea yajayo. “Shall” ilitokana na kitenzi cha kudaiwa au kuwajibika, na “going to” ilitokana na mwendo. Matumizi yake kama alama ya yajayo huanza kuonekana katika maandishi ya karne ya 15. Bybee, Perkins na Pagliuca, katika uchunguzi wao wa mwaka 1994 uliohusisha lugha nyingi za dunia, walionyesha kwamba matamanio, wajibu na mwendo ni miongoni mwa chemchemi kuu za wakati ujao.

Kwa hiyo -ta- na “will” kweli ni ndugu kwa asili, lakini ndugu hao hawakukaa nyumba moja. Kiswahili kiliipa -ta- kazi karibu yote, kisha kikairudia -taka nzima na kuipa kazi mpya ya kuonyesha jambo ambalo dalili zake zimeshaonekana: mvua inataka kunyesha, ukuta unataka kuanguka. Kiingereza nacho kilibakiza harufu ya matakwa katika “will”, hasa katika ukanushi. Gari lisilowaka, kwa Kiingereza “it won’t start”. Kwa Kiswahili halitaki kuwaka. Hapa lugha mbili zinakutana tena, kila moja ikikipa chuma hiari ya kukataa. Mwanafunzi akionyeshwa jambo hili, ataelewa mara moja kwa nini “I won’t go” huweza kusikika kama ukaidi, mahali ambapo yeye alikusudia tu kusema kwamba hatakwenda.

Kukutana huku, hata hivyo, hakukosi mitego. “Mvua inataka kunyesha” ikihamishwa neno kwa neno huzaa “it wants to rain”, ambayo husikika mara kwa mara katika Kiingereza cha Afrika Mashariki na kumshangaza mgeni. Mtego mwingine ni “naja”. Mswahili anayetoka barazani kwenda ndani mara moja huwaaga wenzake kwa neno hilo, maana yake kwamba atarudi sasa hivi, na kwa Kiingereza husema “I’m coming” huku amewapa watu kisogo. Mwingereza hubaki akijiuliza anakuja vipi mtu anayekwenda. Yeye angesema “I’ll be back”. Kosa hapa si la wakati. Ni la mahali ambapo msemaji anajiweka: Mswahili ameshajiona amerudi, Mwingereza anauahidi urejeo wake.

Mtego wa tatu ndio unaogharimu alama nyingi katika mitihani. “Atakapokuja nitamwambia” hutafsiriwa “when he will come I will tell him”, kwa kuwa -taka- iliyomo katika kishazi tegemezi hudai “will” yake. Kiingereza hakiiruhusu hapo. Husema “when he comes”. Walimu wamezoea kuitoa kanuni hii kama amri isiyo na maelezo. Lakini Kiswahili kinayo njia nyingine ya kusema jambo hilohilo: “akija nitamwambia”. Katika “akija” hamna alama ya wakati ujao. Kishazi kikuu peke yake ndicho kinachoibeba. Mwanafunzi anayeanzia kwenye “akija” hufika kwenye “when he comes” bila kushurutishwa. Anayeanzia kwenye “atakapokuja” hujikwaa, na kujikwaa kwake kunatokana na mlango aliopitishwa.

Umuhimu wa mambo haya hauishii darasani wala semina. Katika sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza, “shall” si alama ya wakati kamwe. Sheria ya Tafsiri za Sheria ya Tanzania, Sura ya 1, katika kifungu cha 53, inaeleza kwamba neno hilo linapotumiwa kukabidhi jukumu, jukumu hilo ni lazima litekelezwe. Kijana aliyefundishwa kwamba “shall” ni wakati ujao wa “I” na “we” huweza kuisoma amri kana kwamba ni utabiri. Kwa upande wa Kiswahili, -ta- hubeba uzito uleule katika lugha ya sheria: kifungu kikisema kwamba Waziri atateua wajumbe, hakibashiri bali kinaagiza. Baada ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, anayetafsiri analazimika kupima kila -ta- na kuuliza kama inaagiza, inaahidi au inabashiri.

Turudi semina. Mwenyekiti aliuliza kwa Kiingereza “Who is presenting on Thursday?” Swali lenyewe lilikuwa limeshataja msingi: kuna mpango, ni nani aliyemo? Kama swali hilo lingeulizwa kwa Kiswahili, “Nani anawasilisha Alhamisi?”, mwanafunzi yule asingejibu “nitawasilisha”. Angejibu “mimi”, au “ninawasilisha mimi”, kwa umbo la wakati uliopo, bila kufikiri. Na kama angesema “nitawasilisha mimi”, hata Waswahili wenzake wangeweza kudhani kwamba anajitolea. Jibu sahihi lilikuwamo katika lugha yake ya kwanza muda wote. Kilichomponza si Kiswahili alichokisema tangu utotoni, bali Kiswahili cha ubaoni, kile kilichochujwa kikabaki kiambishi kimoja ili kilingane na safu moja ya jedwali.

Inaweza kudaiwa kwamba kuna sababu nyingine, ya kimila. Katika jamii ambamo mtu huambatanisha mipango yake na “inshallah” au “Mungu akipenda”, kuyaeleza yajayo kana kwamba yapo tayari huweza kuonekana kama majivuno, na pengine mwanafunzi aliikimbilia “will” kwa unyenyekevu. Hoja hii ina mvuto, lakini haitoshi. Mtu yuleyule asemaye “nakwenda Tanga kesho, inshallah” ametumia wakati uliopo na unyenyekevu kwa pamoja. Unyenyekevu umewekwa katika neno la mwisho, haukuwekwa katika njeo. Mila haikumzuia, aliyemzuia ni kitabu.

Mwanafunzi huyo alirudi nyumbani na baadaye akafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari mkoani Tanga. Hakuandika jedwali ubaoni. Aliandika neno moja la Kiswahili, “Umejuaje?”, na kila mwanafunzi aliyetoa sentensi ya wakati ujao alitakiwa kulijibu kabla ya kuchagua umbo. Msichana mmoja wa kidato cha pili alisema “it will rain”. Alipoulizwa umejuaje, alinyoosha kidole dirishani, kulikokuwa na wingu, na mwenyewe akabadilisha: “It’s going to rain.” Mvulana mmoja alisema “I will go to Dar es Salaam on Saturday”. Umejuaje? “Baba ameshakata tiketi, mwalimu.” Basi safari hiyo haikuhitaji “will”, darasa zima lilimjibia kwa “I’m going”.

Kijana wa nyuma akanyanyua mkono. “Na kama sijui, mwalimu? Kama ndiyo kwanza ninaamua, hapa hapa?”

Mwalimu aligeuka akaandika “I’ll” ubaoni, akamwambia kwamba hiyo ndiyo kazi yake, na kwamba mtu asiitumie kwa jambo ambalo tayari ni lake.